Sura ya Tano: Jirani wa Mlima Uwakao

Kila nitajapo mbele ya watu kwamba nimepata kulala chini ya mlima utoao moto, swali la kwanza niulizwalo, liwe limetoka kwa mzee mwenye mvi au kwa kijana wa skuli, huwa ni lilo hilo moja: "Na kama ungelilipuka nawe umelala?" Swali hili ni la haki, wala simlaumu aliulizaye, kwa kuwa roho ni tamu, na mwenye akili haipeleki roho yake penye hatari bila ya kuuliza, walakini nimeona kwamba wanaouliza hivyo aghalabu huishia hapo, wakaifunga safari au wakaivunja kwa jawabu la swali hilo peke yake, ilhali mambo yatakayowataabisha huko waendako hayatoki kileleni mwa mlima, bali hutoka katika dumu la maji, katika gurudumu la gari, na katika kinywa kisichojua kuwaamkia wenyeji.

Basi katika sura hii nitakichukua kijiji kimoja cha kweli na kukieleza kama mtu amwelezavyo ndugu yake aliyekwisha kufunga mizigo. Kijiji hicho ni Engare Sero, katika wilaya ya Ngorongoro, mkoa wa Arusha, Tanzania. Kimekaa upande wa kusini wa Ziwa Natron, nyuma yake pamesimama ukuta mrefu wa Bonde la Ufa, na mbele yake, peke yake uwandani, kama kawa iliyofunikiwa juu ya sinia, umeinuka Ol Doinyo Lengai, mlima ambao jina lake kwa Kimasai maana yake ni Mlima wa Mungu, na ambao kilele chake kinakaribia mita 3,000 juu ya usawa wa bahari.

Mlima umwagao magadi

Kwanza tuyaweke sawa maneno. Volkano ni mahali ambapo gamba la ardhi limetoboka au limepasuka, na mawe yaliyoyeyuka huko chini kwa joto yakapata njia ya kutokea. Mawe hayo yakiwa bado chini ya ardhi huitwa magma. Yakiisha kutoka nje huitwa zaha. Na shimo la kileleni ambamo hutokea huitwa kasoko. Maneno matatu hayo yatatutosha hadi mwisho wa sura.

Sasa tukitazame kile kiufanyacho mlima huu kuwa wa pekee miongoni mwa milima yote iwakayo duniani. Zaha ya milima mingine asili yake ni jamii ya mchanga na kioo. Hutoka nyekundu, nzito kama asali iliyoganda, na joto lake mara nyingi hupita nyuzi 1,000. Zaha ya Ol Doinyo Lengai haina joto hilo: hutoka kwa nyuzi kama 500 hata 600, na mchana ukiitazama waiona nyeusi au ya kahawia, nyepesi, ikichuruzika upesi kama mafuta machafu ya gari, wala wekundu wake hauonekani ila usiku, nao ni hafifu. Sababu ni kwamba imefanywa kwa kitu kingine kabisa, na kitu hicho hakihitaji kuelezwa kwa maneno ya maabara, kwa kuwa kimo jikoni mwetu. Mwulize mama apikaye makande au maharage makavu, yale yasiyotaka kuiva, hutia nini chunguni ili yalainike. Atakujibu kuwa hutia magadi. Zaha ya mlima huu ni ndugu wa magadi hayo, yaani ni chumvi za soda na chokaa zilizoyeyuka kwa moto. Hakuna volkano nyingine iliyo hai ijulikanayo kumwaga kitu cha namna hiyo, na wataalamu wenyewe hawakuyakini mpaka mwaka 1960, mwanajiolojia J. B. Dawson alipoingia kasokoni akaiangalia kwa macho yake.

Na zaha hii, ikiisha kupoa na kupata unyevu, hubadilika rangi, kutoka weusi kuingia kijivu, na kutoka kijivu kuingia weupe, pengine kwa siku chache tu. Mgeni auonapo mlima kwa mbali, juu umekuwa mweupe, hudhani kuwa ni theluji kama ile ya Kilimanjaro, akamshukuru Mola kwa kumwonesha theluji mbili katika safari moja. Si theluji. Ni magadi.

Ukilijua jambo hili moja, mambo mengi ya nchi ile yanajifungua yenyewe. Utaelewa kwa nini maji ya Ziwa Natron huwasha ngozi yenye jeraha na hayanyweki, kwani chemchemi za moto huliletea ziwa soda mchana na usiku, na jua likayachukua maji na kuiacha soda. Utaelewa kwa nini heroe wadogo, ndege wale wa rangi ya waridi wenye miguu kama vijiti, wamelichagua ziwa hilo kuwa mahali pao pakuu pa kutagia katika Afrika ya Mashariki: maji makali yanawazuia adui wasiwafikie makinda. Na utaelewa habari moja ambayo mimi hunifurahisha kila niikumbukapo, nayo ni kwamba majivu ya mlima huu na ya jirani zake, yakichukuliwa na pepo za mashariki kwa maelfu ya miaka, ndiyo yaliyoufanya udongo wa nyanda za kusini ya Serengeti, ambako nyumbu huja kuzaa baina ya Januari na Machi kwa sababu ya majani mafupi yenye nguvu. Mlima ule unawalisha wanyama wasiouona.

Kwa ufupi: Ol Doinyo Lengai ni volkano iliyo hai, zaha yake ni jamii ya magadi, ina joto dogo kuliko zaha nyingine, na kwa kawaida hukaa juu kileleni bila ya kufika kwa watu.

Na kama ukilipuka?

Nimesema "kwa kawaida", na neno hilo lisipite bila ya kuelezwa. Mlima huu una tabia mbili. Tabia ya kwanza ni ya upole: zaha huchemka katika kasoko, hujenga vijinara vidogo, hufurika kidogo na kutulia, na huweza kuendelea hivyo miaka mingi, kama ilivyokuwa tangu 1983, hata mwaka 1998 kasoko ikajaa na zaha ikaanza kumwagika kwenye mabega ya mlima. Tabia ya pili ni ya ukali, nayo ilionekana mwaka 1917, tena 1940 na 1941, tena 1966 na 1967, na mara ya karibuni iliyo kubwa, 2007 na 2008.

Tofauti ya tabia hizo ni hewa. Chukua chungu cha wali kilichofunikwa: mvuke ukipata upenyo hutoka polepole na kifuniko hutikisika kidogo tu, ukizuiliwa, hukirusha kifuniko na kumwaga povu jikoni kote. Magma huwa na hewa nyingi ndani yake, na hewa hiyo ikikosa njia nyepesi, huja juu kwa kishindo, ikayasaga mawe yakawa majivu na kuyarusha mbinguni. Mwezi wa Julai 2007 ardhi ilitetemeka siku nyingi mfululizo katika eneo la mlima Gelai ulio jirani, na tetemeko kubwa kuliko yote likasikika mpaka Nairobi. Kisha tarehe 4 Septemba mlima ukarusha majivu juu sana, na milipuko ikaendelea hata mwaka uliofuata. Majivu yaliangukia malisho, wafugaji wakahamisha mifugo yao, na watu wa vijiji vya karibu wakalazimika kuondoka majumbani. Mlipuko ulipokoma, kasoko iliyokuwa imejaa ilikuwa imebomolewa ikawa shimo refu lenye kuta wima, na zaha ikarudi kuchemka huko chini kabisa.

Angalia basi yaliyowapata wenyeji: hawakuchomwa na moto, bali waliudhiwa na majivu. Hili ni jambo ambalo ndugu zetu wa kisiwa cha Ngazidja wanalijua vema. Mlima wao Karthala ulipoamka Novemba 2005, majivu yaliingia katika mahodhi ya maji ya mvua, na kisiwa kile kisicho na mito kikawa na maji tele yasiyonyweka. Lakini wanakumbuka pia mwaka 1977, zaha ilipokifikia kijiji cha Singani na kuziharibu nyumba zake. Na watu wa Goma, huko Kongo, wakaao chini ya Nyiragongo, wana neno jingine la kutufundisha, nalo ni mazuku, yaani hewa nzito isiyo na rangi itokayo ardhini, ikalala mabondeni kama maji yasiyoonekana, ikamuua mbuzi au mtoto aliyeshuka humo alfajiri kabla ya upepo kuvuma. Neno hilo la Kiswahili cha kwao limeingia sasa katika vitabu vya wataalamu wa volkano wa dunia nzima.

Kwa hiyo jawabu langu kwa yule aulizaye ni hili. Mlima kwa kawaida hutoa dalili kabla ya ghadhabu yake, lakini haujafunga mkataba na mtu. Nawe usiende bila ya kuuliza habari zake za mwezi ule ule. Uliza mambo haya:

– Je, ardhi imetetemeka siku za karibuni? Waulize wenyeji kabla ya kumwuliza mwenye gari, maana mwenye gari ana kodi ya kupata.
– Je, moshi umebadilika, au majivu yameonekana juu ya majani?
– Je, viongozi wa mlima wenyewe wanapanda wiki hii? Wakisema hawapandi, shauri limekwisha, na usimtafute wa kumpa fedha zaidi.

Majivu yakianguka ukiwa kijijini, funika pua na mdomo kwa kitambaa kilicholowa, ficha macho, funika maji na chakula, kaa mbali na makorongo, kwa sababu mvua ikichanganyika na majivu hushuka humo kama tope lenye mawe, kisha fuata wenyeji waendako.

Majira na njia

Hapa sitakawia. Mwaka wa kule una mvua za masika, Machi hadi Mei, na za vuli, Novemba na Disemba. Miezi ya Juni hadi Oktoba ni mikavu na ndiyo ifaayo zaidi. Njia ya watu wengi huanza Arusha, hupita Makuyuni, hufika Mto wa Mbu, kisha huelekea kaskazini chini ya ukuta wa Bonde la Ufa kupitia Engaruka, mahali penye mabaki ya mifereji na kuta za mawe za wakulima wa zamani, nami namsihi kila mwenye nafasi asimame hapo walau saa moja. Lami huachwa nyuma. Kinachofuata ni vumbi, mawe makali, na makorongo, ambayo wakati wa jua ni mchanga mtupu na baada ya mvua ya saa moja milimani hugeuka mito; maji yakiwa yanapita, hakuna aibu kukaa kivulini na kungoja yapungue. Njiani kuna vizuizi vya ushuru wa halmashauri. Chukua fedha taslimu na udai stakabadhi.

Maji kabla ya kila kitu

Siku yangu ya kwanza kwenda huko nilichukua mkate, tochi mbili, dawa za kila namna, na chupa tatu ndogo za maji. Gari letu lilinasa mchangani saa sita mchana, joto likiwa karibu na nyuzi 40, na kabla ya saa tisa chupa zile zilikuwa tupu. Waliotuokoa ni vijana wawili wa Kimasai waliokuwa wakichunga, ambao walilisukuma gari pamoja nasi kisha wakatupa maji ya kibuyu chao, na ni baadaye tu nilipofahamu kwamba maji yale yalikuwa yamechukuliwa kwa mwendo mrefu mgongoni mwa punda, na mwanamke fulani ndiye aliyeufanya mwendo huo. Aibu ya siku ile haijanitoka.

Neno engare kwa Kimasai maana yake ni maji, na kijiji kimelichukua jina hilo kwa haki, kwa kuwa mto wake unateremka kutoka ukutani mwa Bonde la Ufa, ukafanya maporomoko mazuri katika genge jembamba, ukawanywesha watu na mifugo. Walakini mgeni asijidanganye kwamba penye mto hapana shida. Maji mengi ya nchi za volkano kaskazini mwa Tanzania yana floridi, madini yale yale yatiwayo kwa kiasi kidogo katika dawa ya meno, ambayo yakizidi huyapaka meno rangi ya kahawia, na yakizidi zaidi kwa miaka mingi hudhoofisha mifupa. Kuyachemsha hakuyaondoi. Mgeni wa siku tatu hadhuriki, ila ajue sababu ya meno ya watu wa huko kabla ya kuwadhania kuwa hawajui mswaki. Kwa matumizi yake mwenyewe achukue maji kutoka Mto wa Mbu, lita tano kwa kila mtu kwa kila siku ya kunywa na kupikia, na dumu moja zaidi lisiloguswa mpaka siku ya kurudi.

Utafikia kwa nani?

Mtu atokaye mjini huwaza kwanza habari ya kitanda. Vitanda vipo, na viwanja vya mahema vipo. Si hapo penye kazi. Kazi ni kukumbuka kwamba pale hukuingia katika bustani ya maonesho, bali umeingia katika mji wa watu wenye wazee wao, mifugo yao, na ibada zao. Kwa hiyo ukifika, nenda ofisi ya kijiji ujitambulishe kabla ya kuuelekea mlima, ulipe kinachostahili kulipwa, na upewe kiongozi aliye mwana wa pale pale, kwa sababu anaijua njia gizani, na kwa sababu ujira wake utabaki kijijini.

Salamu nazo ni sharti. Mwanamume huamkiwa "Sopai", naye hujibu "Ipa". Mwanamke huamkiwa "Takwenya", naye hujibu "Iko". Mtoto atakujia ameinamisha kichwa. Usishangae wala usimpite, mguse utosini kwa kiganja, ndivyo amwamkiavyo mkubwa wake. Kwa mzee ajuaye Kiswahili, shikamoo yako haipotei. Picha huombwa kabla ya kupigwa, na akina mama watakaokuja na shanga zao usiwapunguzie bei kana kwamba mko sokoni Kariakoo; kazi ya siku nyingi imo katika mkufu mmoja.

Na mlima wenyewe, kwa Wamasai, ni mahali pa dua. Engai ni Mwenyezi Mungu, na neno hilo hilo huelekea mbingu na mvua. Watu hukusanyika chini ya mlima kuomba mvua, na wanawake kuomba uzazi. Mimi ni Mwislamu wa pwani na kibla changu ni kingine, lakini nimejifunza kuishusha sauti ninapokuwa hapo, kama ambavyo ningependa mgeni aishushe sauti yake mlangoni mwa msikiti wetu siku ya Ijumaa.

Usiku wa kupanda

Si lazima kupanda. Nasema hivi waziwazi kwa kuwa nimewaona watu waliopanda kwa kuogopa kuchekwa. Mwenye magoti mabovu, mwenye maradhi ya moyo au pumu, na mtoto, wabaki chini. Ziwa, maporomoko na heroe wanatosha kuijaza siku.

Atakayepanda ataondoka saa tano au saa sita za usiku, ili kukwepa jua, kwani mlima hauna mti wala kivuli. Mwendo ni wa saa tano hata saba, juu ya majivu yaliyogandamana ambayo hatua moja mbele hurudi nusu nyuma, na karibu na kilele mteremko ni mkali kiasi cha mtu kutambaa kwa mikono. Glovu za kazi, viatu vya kifundo, taa ya kichwani, koti la upepo, na lita tatu za maji. Zaidi ya hayo ni mzigo. Ukifika ukingoni kaa pale kiongozi asemapo, usiinamie shimo wala usishuke ndani, maana kuta zake ni tete na hewa ya humo si ya kuvutwa. Jua litachomoza upande wa Gelai, ziwa litang'aa chini yako, na harufu ya kiberiti itakukumbusha kwamba hupo juu ya jabali lililokufa. Kuteremka kunachosha kuliko kupanda, na ndiko wengi waangukako. Ukiumia, zahanati ya karibu itakufunga kidonda, lakini hospitali ziko mbali, Wasso kwa upande mmoja na Arusha kwa upande wa pili. Gari lako lisiende kokote mpaka umeshuka.

Nyayo

Siku ya mwisho, kabla ya kufunga mizigo, mwambie kiongozi akupeleke mahali palipo na nyayo. Hapo, karibu na ufuo wa ziwa, watu wa kale walipita juu ya tope la majivu ya mlima. Tope likakauka, likagandamana kama saruji, likafunikwa, na mmomonyoko ukaja kulifunua katika zama zetu. Ziko nyayo zaidi ya 400, na wachunguzi wanakadiria kuwa zilikanyagwa wakati fulani baina ya miaka 19,000 na 5,000 na ushei iliyopita. Kundi moja la watu 17 lilikwenda kwa mwendo wa pole kuelekea upande mmoja, na kwa vipimo vya miguu yao yaonekana wengi wao walikuwa wanawake. Wengine walielekea upande mwingine, na baadhi yao walikuwa wakikimbia.

Nenda alfajiri. Jua likiwa limelala chini, kila unyayo hujaa kivuli chake, na vidole huhesabika kimoja kimoja. Saa nne ikifika mwanga husimama wima na nyayo hupotea machoni. Vua viatu vyako kando, uzitazame bila ya kuzikanyaga, na ukisikia kengele za mbuzi nyuma yako, wapishe njia, kwani wachungaji hupita hapo kwenda mtoni.